Paka Wako Anakaribia Kuzaa: Nunua Hiki, Acha Kile

Mimba ya paka huchukua siku 63 hadi 65 hivi, na wachache wetu tunaijua siku ya kwanza, maana dume la mtaani halibishi hodi. Tunagundua chuchu zikiwa zimevimba na kuiva rangi, tumbo limetanuka pande zote mbili kama kikapu cha sokoni, na siku zilizobaki ni wiki mbili au pungufu. Hapo ndipo mtu anaingia dukani pochi ikiwa wazi.

Nasema mapema: vitu vingi vinavyouzwa kwa ajili ya paka mzazi havina kazi, na vyenye kazi vingi unavyo tayari ndani. Fedha yako ya maana ikae kwenye simu, isiguswe, ikisubiri usiku ambao kitoto kitakwama na utahitaji bajaji na daktari kwa pamoja. Kila shilingi unayoitia kwenye kitanda cha manyoya umeipunguza kwenye nauli hiyo.

Bei ninazotaja ni zile nilizokutana nazo kwa kutembea kwa mguu Kariakoo, Tandika na kwenye maduka ya dawa za mifugo ya Dar es Salaam. Zichukue kama kipimo tu. Ukiwa mkoani, ongeza kidogo kwa vitu vinavyotoka nje, na punguza kwa dagaa na pumba.

Mahali pa kuzalia

Kitanda cha paka cha dukani, kile cha duara chenye manyoya bandia, niliambiwa Sh 65,000. Kinapendeza. Lakini maji ya uzazi na damu vikishaingia kwenye sponji havitoki, harufu inabaki, na kucha za vitoto zinanasa kwenye manyoya. Kwa usiku mmoja wa kuzaa utakuwa umenunua kitu cha kutupa.

Beseni la plastiki, Sh 8,000 hadi 12,000, linaoshwa na kudumu miaka, na kazi ikiisha linarudi kufulia. Ubaya wake ni kwamba linateleza, kingo zake ni ndefu, na mama anayeruka kuingia anaweza kutua juu ya watoto. Ukilitumia, tandika kitambaa kizito na uweke tofali nje liwe ngazi.

Tenga la kuku ni Sh 5,000 na hewa inapita vizuri mno. Matundu yake yanapitisha mguu wa kitoto cha gramu 100, kisha mguu hautoki. Liache kwa kuku.

Linaloshinda ni boksi la kawaida, la bure au Sh 1,000 kwa mwenye duka la jumla. Chagua lenye urefu wa sentimita 60 na upana wa 45 hivi, mama aweze kulala amejinyoosha na nafasi ya kiganja ibaki. Boksi la nepi au la tambi linafaa. La sabuni ya unga au la dawa ya mbu lina harufu, na paka atalikataa. Kata mlango unaoanzia sentimita 12 hadi 15 kutoka chini: mama anavuka, vitoto havitambai nje mpaka vikomae. Nusu ya juu iache imefunikwa, kwa sababu paka anataka giza. Chukua maboksi mawili, maana la kwanza litalowa.

Liweke boksi mahali ambapo paka tayari anapenda kulala, na uliweke siku kumi kabla. Usipomchagulia mapema atajichagulia mwenyewe, na kwa kawaida chaguo lake ni kabati la nguo, juu ya shuka la wageni.

Sasa kuna gharama ambayo hakuna muuzaji anayeitaja: sisimizi na siafu. Kondo la nyuma lina harufu ya nyama, usiku wa joto, sakafu ya simenti, na vitoto ambavyo haviwezi hata kugeuka. Wafugaji wengi wa Uswahilini wamewahi kuamka asubuhi na kukuta msafara umeshafika. Watu hukimbilia dawa ya kupuliza ya Sh 6,000, au chaki ya wadudu ya Sh 500. Zote mbili ni sumu ambayo paka ataikanyaga na kuilamba miguuni, kisha ataipeleka kwa watoto anapowalamba. Usizitumie karibu na boksi, hata kama chaki ni rahisi kiasi gani.

Njia bora ni ile ya kabati la chakula la bibi. Weka boksi juu ya meza fupi au stuli pana, na kila mguu usimame kwenye kopo la maji. Matone mawili ya sabuni ndani ya maji yanamfanya mdudu azame badala ya kutembea juu yake. Gharama ni sifuri, makopo manne ya maziwa ya unga yanatosha. Vitoto vikianza kutambaa, wiki ya tatu hivi, shusha boksi chini kabla hakijaanguka kimoja. Makaratasi yaliyolowa yaondoe palepale, na sahani ya chakula isikae karibu na boksi.

Matandiko hayahitaji duka. Shuka kuukuu la pamba au khanga iliyochoka ndiyo bora, vipande vinne au vitano vya kubadilisha. Taulo jipya lenye nyuzi zilizosimama linanasa kucha, kwa hiyo kama ni taulo liwe la mtumba lililokwisha kulika, Sh 1,000 hadi 2,000. Chini yake weka magazeti ya zamani, yale wanayonunua wauza karanga kwa kilo. Karatasi za kulalia wagonjwa zinazouzwa duka la dawa, Sh 1,500 moja, zinafyonza vizuri. Kama hali inaruhusu nunua mbili za usiku wa kuzaa, na isipite hapo.

Joto, na mita ya umeme

Vitoto vya paka haviwezi kujipasha moto katika wiki za kwanza. Siku saba za mwanzo vinahitaji mazingira ya nyuzi 29 hadi 32 hivi. Mwenye nyumba ya bati Mbagala mwezi Februari ameshapewa joto hilo bure, tena la ziada. Kazi yake ni kuhakikisha boksi haliko chini ya dirisha linalopigwa na jua, na kwamba mama ana maji. Mwenye kukaa Njombe, Mbeya au Arusha mwezi Juni na Julai ana hesabu nyingine.

Taa ya kupashia joto ya dukani ilikuwa Sh 45,000 bila balbu. Balbu ya zamani ya wati 60, ile ya waya unaowaka, ni nafuu zaidi, ingawa madukani imekuwa adimu. Balbu za kisasa za kuokoa umeme hazitoi joto la maana, usidanganywe. Piga hesabu kabla hujaiwasha. Wati 60 kwa saa 24 ni uniti 1.44, na kwa wiki mbili ni uniti 20. Kwa bei ya kawaida ya nyumbani, kama Sh 356 kwa uniti pamoja na kodi, hiyo ni Sh 7,200 hivi.

Lakini wako walio kwenye kundi la matumizi madogo, wanaolipa kama Sh 122 kwa uniti kwa sharti la kutovuka uniti 75 kwa mwezi. Kama wewe huishia uniti 60 au 65, balbu hiyo inakuvusha mpaka, na ziada inatozwa bei ya juu. Ukiuzoea mtindo huo kwa miezi, unaweza kuhamishwa kundi kabisa. Balbu ya paka inaweza kupandisha bei ya friji yako.

Chupa ya maji ya moto inashinda. Chupa ya lita moja na nusu ya maji ya kunywa haivumilii maji yanayochemka, itajikunja, kwa hiyo tia maji ya moto yasiyochemka. Chupa ya mpira ya duka la dawa, Sh 10,000 hadi 15,000, inadumu miaka na siku nyingine itakusaidia mgongo. Ifunge kwenye kitambaa, iweke upande mmoja tu wa boksi ili mama na watoto waweze kuikimbia ikizidi. Usiku ibadilishe mara mbili. Ni usumbufu, ndiyo, ila haichomi nyumba umeme ukikatika na kurudi kwa kishindo. Jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa sitalijadili. Linaua watu, sembuse paka.

Vitu vya usiku wenyewe

Paka wengi hawakuhitaji. Mama hupasua utando, hulamba kitoto mpaka kilie, hukata kitovu kwa meno na kula kondo. Wewe upo kwa ajili ya mara chache ambapo hafanyi hivyo, hasa mzazi wa mara ya kwanza. Kitoto kikikaa ndani ya utando dakika moja au mbili na mama haangalii, chana utando puani kwa vidole, futa mdomo, kisugue kwa kitambaa kikavu mpaka kipumue.

Kwa hiyo unachohitaji ni hiki: glavu, jozi Sh 500 (usinunue boksi la mia moja isipokuwa mtagawana na majirani), uzi wa kushonea uliochemshwa, mkasi ulio safi, na kichupa cha iodini cha Sh 3,000. Uzi unafungwa sentimita mbili hadi tatu kutoka tumboni, kisha unakata upande wa nje wa fundo. Jirani alinishauri nichukue vibanio vya kitovu wanavyobeba akina mama wanapokwenda kujifungua hospitali. Ni vizito kuliko kitovu chenyewe, vinakivuta kitoto. Uzi wa Sh 300 umeshinda.

Kipimajoto cha kidijitali ni Sh 5,000. Joto la kawaida la paka ni nyuzi 38 hadi 39 na kidogo. Likishuka chini ya 37.8, mara nyingi uchungu uko ndani ya siku moja. Habari nzuri kuwa nayo. Tatizo ni kwamba kinaingizwa njia ya haja kubwa, mara mbili kwa siku, kwa paka mwenye kucha. Kama paka wako hakubali kushikwa, okoa Sh 5,000 yako. Mama anayekataa chakula, anayezunguka, anayechakura boksi na kulialia anakwambia jambo hilohilo bila malipo.

Kifaa kimoja tu cha umeme nakisisitiza: mizani ndogo ya jikoni inayosoma gramu moja moja, Sh 15,000 hadi 25,000 Kariakoo. Kitoto huzaliwa na gramu 90 hadi 110 hivi, na kinatakiwa kuongeza kama gramu 10 kila siku. Kisichoongeza kwa siku nzima kina shida ambayo macho yako hayataiona mpaka kesho kutwa, na kesho kutwa huwa kimeshapoa. Mizani ya kuning'iniza ya sokoni haifai kazi hii. Sindano yake haisogei kwa gramu kumi. Mwenye kuoka keki mtaani kwako anayo ya jikoni. Muombe akuazime dakika tano kila asubuhi, weka bakuli lako mwenyewe, na umeokoa Sh 20,000. Kabla ya kununua, iwashe dukani na uweke sarafu juu: nyingine husoma tofauti kila ukigusa, na risiti hawatoi. Uliza pia betri. Nilipewa moja inayotumia betri bapa la saa ambalo duka lenyewe halikuwa nalo.

Chakula, ambako fedha inavuja taratibu

Hapa ndipo bajeti nyingi hufia, kwa sababu matumizi yanakuja kidogo kidogo kwa wiki nane. Paka wa kilo nne anakula kama gramu 60 za chakula kikavu kwa siku. Anaponyonyesha watoto wanne atataka mara mbili, hata mara tatu ya hapo. Tuseme gramu 150.

Chakula cha vitoto cha mfuko uliofungwa, kutoka nje, kilo Sh 18,000: hiyo ni Sh 2,700 kwa siku, na kwa siku 56 ni Sh 151,200. Chakula cha kupima kutoka kwenye gunia lililofunguliwa, kilo Sh 8,000: Sh 1,200 kwa siku, Sh 67,200 kwa muda huohuo. Tofauti inatamanisha. Ila gunia lililo wazi halina tarehe, mafuta yake yanachacha kwenye joto la Dar, na muuzaji anayetumia kibakuli kimoja kwa chakula cha mbwa, cha paka na cha kuku hatakwambia. Kinuse. Kikinuka kama mafuta ya taa au rangi ya ukutani, acha. Chakula cha mbwa usikichukue hata kwa nusu bei, kwa sababu paka anahitaji taurini ambayo chakula cha mbwa hakilazimiki kuwa nayo.

Halafu kuna dagaa. Dagaa wa Mwanza, kilo kama Sh 10,000, gramu 80 kwa siku ni Sh 800. Wana protini, na kwa kuwa wanaliwa na mifupa yao wanampa mama chokaa anayohitaji kwa maziwa. Gharama iliyofichika ni mchanga, maana wengi huanikwa chini. Kilo ya bei ya chini inaweza kuwa na kiganja kizima cha mchanga ndani. Waoshe mara tatu, wachemshe bila chumvi wala kitunguu. Chumvi inamkausha, kitunguu kinaharibu damu yake. Mioyo na firigisi za kuku ni bei nafuu kuliko nyama, na moyo una taurini nyingi. Maini mara moja kwa wiki yanatosha, yakizidi yanamjaza vitamini A mpaka inamdhuru.

Ugali wenye mchuzi wa dagaa, chakula ambacho paka wetu wengi wamekulia, unajaza tumbo zaidi ya unavyolisha. Paka asiye na mimba anaishi nao. Kwa mama mwenye watoto wanne, utamwona mgongo ukitokeza kufikia wiki ya tatu.

Mimi nilichanganya. Nusu ya siku chakula cha mfuko uliofungwa, nusu dagaa na mioyo ya kuku. Ilinigharimu Sh 1,900 kwa siku hivi, na mama hakukonda. Mwenye fedha kidogo zaidi abakize chakula cha mfuko kwa wiki nne za kwanza, ndipo maziwa yanapohitajika sana, kisha ahamie dagaa na nyama. Vitoto vikifika wiki ya nne vinaanza kuonja sahani ya mama, kwa hiyo usishangae mfuko ukiisha mapema kuliko hesabu.

Maziwa ya kopo ya vitoto vya paka ni mtego wa namna yake. Nilikuta moja Sh 75,000, gramu chache tu, na likishafunguliwa halikai muda mrefu. Mama akiwa na maziwa hutaligusa. Usilinunue kabla. Nunua bomba la sindano la mililita moja lisilo na sindano, Sh 300, na upige simu madukani kuuliza nani analo na anafunga saa ngapi. Duka lililo wazi Jumapili lina thamani kuliko kopo kabatini.

Maziwa ya ng'ombe ndiyo rahisi kuyapata, na ndiyo yanayoua vitoto vingi kwa kuharisha. Ni mepesi kwa protini na mafuta, na sukari yake inawashinda. Ya mbuzi nayo hayana tofauti kubwa kwa hilo. Ukilazimika kulisha, ni kila saa mbili hadi tatu, usiku na mchana, kitoto kikiwa kimelala kifudifudi, si chali kama mtoto wa mtu, maana maziwa yataingia mapafuni. Kabla hujafika huko, uliza mtaani kama kuna paka mwingine anayenyonyesha. Wengi hupokea mtoto wa mwenzao bila shida.

Choo cha paka nitakipita haraka. Mchanga wa dukani unaogandamana, mfuko Sh 25,000, usiutumie kipindi hiki: vumbi lake linashika kwenye vitoto vibichi, na vikianza kutambaa vinaula. Magazeti yaliyochanwa kwa wiki mbili za kwanza, kisha maranda ya fundi seremala au pumba za mpunga, Sh 1,000 gunia dogo au bure. Mwenye mimba katika nyumba asisafishe choo cha paka, mwingine afanye.

Vya kukataa hata ukipewa bure

Paracetamol. Kidonge kimoja kinaweza kumuua paka, na bado kuna watu wanaompa nusu "apunguze uchungu". Dawa ya kusafishia ile inayogeuka nyeupe ukiichanganya na maji ni sumu kwake vilevile. Osha vyombo kwa sabuni ya mche na maji ya moto. Unga wa viroboto wa mbwa, na dawa ya kuogeshea ng'ombe iliyopunguzwa makali, achana navyo. Viroboto vya mama mwenye watoto vinatolewa kwa kitana chembamba cha chawa, Sh 1,000, na bakuli la maji yenye sabuni.

Vidonge vya kalisi vinavyouzwa kwa mimba ni fedha ya bure, na vikipewa kabla ya kuzaa vinaweza kuvuruga mwili wa mama ushindwe kutoa chokaa yake mwenyewe wakati wa kunyonyesha. Na ile "sindano ya uchungu": kuna muuza dawa za mifugo atakayekuuzia kwa bei ya soda mbili. Kama kitoto kimekaa vibaya njiani, sindano hiyo inaweza kupasua kizazi. Anayeichoma awe daktari aliyempapasa mama kwanza.

Daktari, na nauli ya usiku

Kumwita daktari wa mifugo nyumbani kwa uchunguzi niliombwa Sh 40,000. Kumpeleka kliniki Sh 20,000 pamoja na bajaji kwenda na kurudi. Kliniki ni nafuu, tena unajua njia, saa zao, na wanamjua paka wako. Nenda mara moja, mchana, wiki moja au mbili kabla. Afisa mifugo wa kata ni rahisi kupatikana na wengi ni wasaidizi wazuri, ila kazi yake kubwa ni ng'ombe, mbuzi na kuku. Muulize waziwazi kama amewahi kumpasua paka. Walio karibu na Morogoro wana bahati ya hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, ambako madaktari wanafundishwa.

Picha ya mawimbi ya sauti inaonyesha mimba kuanzia wiki ya tatu au ya nne, lakini kuhesabu vitoto haiaminiki sana. Eksirei baada ya siku ya 45 inahesabu vizuri zaidi, kwa kuwa mifupa imeshakomaa. Idadi ina faida: usiku ule utajua kama amemaliza. Hata hivyo kama picha ni Sh 40,000 na hiyo ndiyo akiba yako yote, usipige picha.

Ukiwa kliniki uliza bei kwa maneno haya haya: kupasuliwa kuzaa ni shilingi ngapi mchana, na ni shilingi ngapi saa nane usiku? Dawa ya usingizi, uzi, dripu na dawa za kwenda nazo nyumbani vimo ndani au nje? Mnataka malipo ya kwanza kiasi gani kabla ya kuanza? Na kama mkifunga kizazi hapohapo, inaongezeka kiasi gani? Nilitajiwa Sh 250,000 kwenye kliniki moja na Sh 180,000 kwenye nyingine. Ile ya 180,000, baada ya kujumlisha vilivyokuwa nje, ilifika 270,000. Andika, usiamini kumbukumbu.

Kufunga kizazi wakati wa upasuaji huo huo kwa kawaida kunaongeza kidogo tu, na mama bado atanyonyesha.

Kujua lini uende kunaokoa fedha kuliko punguzo lolote. Nenda mara moja kama anasukuma kwa nguvu dakika 20 hadi 30 na hakuna kitu, kama kitoto kimechungulia na kukwama dakika kumi, kama damu mbichi inatiririka, kama uchafu wa kijani umetoka kabla ya kitoto cha kwanza, au kama ametulia kwa udhaifu zaidi ya saa mbili na wengine wako ndani. Mimba ikipita siku 68, piga simu.

Kwa upande mwingine, paka anaweza kuzaa wawili, akapumzika saa nyingi, hata karibu siku nzima, kisha akaendelea. Kama katika mapumziko hayo anakula, ananyonyesha na kulamba watoto kwa utulivu, hiyo si dharura. Nilikaribia kulipa ada ya usiku kwa sababu ya mapumziko ya saa sita. Daktari aliniuliza kwenye simu kama anakula, nikasema anakula, akaniambia nikalale. Kitoto cha tatu kilifika saa kumi na moja alfajiri.

Usafiri upange kabla. Bodaboda na paka mwenye uchungu haviendani, hata kwenye mkoba. Dereva wa bajaji anayelala mtaani kwenu, mwenye namba yake kwenye simu yako, atakubali Sh 10,000 usiku kwa safari ya Sh 5,000 mchana, na ni halali yake. Kikapu cha kubebea paka cha plastiki ni Sh 45,000. Kikapu cha ukindu chenye mfuniko, kikiwa kimefungwa kwa kamba, ni Sh 7,000 na kinamfikisha.

Baada ya hapo

Dawa ya minyoo ya vitoto huanza wiki ya pili au ya tatu, kwa uzito, ndiyo sababu nyingine ya mizani. Chanjo ya kichaa cha mbwa huja wakiwa na miezi mitatu hivi. Karibu na 28 Septemba, siku yake duniani, baadhi ya halmashauri huchanja kwa bei ndogo au bure, kwa hiyo uliza ofisi ya kata kabla hujalipa kliniki.

Usigawe kitoto kabla ya wiki nane. Wenye ghala, mashine za kukoboa na maduka ya nafaka ndio wateja wa haraka, kwa ajili ya panya. Usiuze, lakini usitoe bure kabisa pia: mimi nilimwomba kila mpokeaji alete nusu kilo ya dagaa. Waliokuja na dagaa walikuja pia na kikapu.

Na mama anaweza kupata joto tena vitoto vikiwa bado vinanyonya. Kufunga kizazi niliambiwa Sh 80,000, na daktari alitaka asubiri mpaka watoto waache ziwa, wiki ya nane hivi. Ukilinganisha na Sh 106,400 niliyomaliza kwa chakula cha wiki nane peke yake, niliweka miadi siku ileile kitoto cha mwisho kilipoondoka, na mpaka siku hiyo dirisha la jikoni lilibaki limefungwa.